Swali Kutoka Kiti cha Nyuma

Mwongoza watalii hunyoosha kola kabla ya kuutaja mnara wa saa, kama bwana harusi. Kola hiyo kaipiga pasi mkewe, ambaye leo kajibanza kiti cha nyuma cha basi, kofia pana usoni, roho inamuuma. Nyumbani mwanamume huyu hujibu kwa kuguna. Hapa sauti yake ni asali tupu.

“Saa yetu hii mvua ikinyesha huchelewa kidogo,” anawaambia wageni. “Msiicheke. Ni uzee, tuivumilie.”

Goti la mkewe likiuma kwa mvua hiyohiyo, huambiwa ameze dawa alale.

Daraja nalo analisifia, akilipapasa kwa macho.

“Kuna mwenye swali?” anauliza mwishoni, akitabasamu.

“Ninalo, baba watoto,” anajibu mkewe, akivua kofia.