Miaka 11 ya semi, halafu simulator ya London ikanifelisha kwenye zebra

Wakuu, heshima kwenu. Haya sikuhadithiwa, yamenikuta mwenyewe huku London, na siyo chai.

Mimi ni dereva. Miaka kumi na moja nimepiga Dar–Tunduma na semi, milima ya Kitonga nimeipanda na kuishuka mpaka nimeizoea.

Huku Hounslow nilikuwa napanga maboksi warehouse. Leseni ya UK ninayo, imelala tu kwenye wallet. Ikatokea nafasi ya kuendesha minibus ya watoto wa shule wenye ulemavu. Niliitaka sana ile kazi. Nilitaka niitwe dereva tena.

Sasa kwenye kampuni hiyo, kabla ya kupewa funguo unakaa kwenye simulator: kiti, usukani, pedali, screen tatu. Ndani kuna AI inayofuatilia macho yako na miguu yako, halafu inakutengenezea barabara kulingana na udhaifu wako. Nafasi ni mbili tu. Ukifeli zote, kwaheri.

Nikacheka moyoni. Nikaona ni gemu la watoto.

Baada ya dakika chache, mbele kuna zebra. Mama na mtoto wamesimama pembeni. Nikafanya nilivyozoea, nikawasha taa full mara mbili, huku nakuja.

Mtoto akachomoka.

Nikamgonga.

Ni picha tu wakuu, najua, lakini nikaachia usukani. Screen ikaganda, AI ikaleta report: dereva aliwaona mapema, akawasha taa, mguu haukutoka kwenye accelerator.

Mkufunzi, mama mmoja wa Kijamaika, akauliza zile taa za nini. Nikamweleza kwetu ndivyo tunavyowaonya watu. Nikaongezea, kwa kiburi kabisa, kwamba miaka yote hiyo sijagonga hata kuku.

Akasema taratibu, "Kwa hiyo wao ndio walikuwa wanakukimbia."

 Niliwakumbuka wanafunzi wa kule Makambako wakiruka mtaroni na mabegi yao, na mimi nacheka. Niliona aibu.

Nikapewa wiki mbili za mazoezi. AI ilishanijua, haikuwa na huruma: zebra, bibi na toroli, zebra, mtoto na mpira, zebra tena. Mkono unakimbilia taa, naurudisha. Mke wangu akaanza kunitania, "Baba Neema, siku hizi hata nikipita sebuleni unakanyaga breki."

Nafasi ya pili nikapasi. Watu wote walivuka salama.

Na hapa niacheni nijisifu kidogo. Mkufunzi aliniomba nikae na madereva wapya wanaotoka Afrika Mashariki, niwaeleze ule mchezo wetu wa taa kabla hawajashika usukani. Nimeshakaa na wanne, na wawili kati yao walikuwa wabishi kuliko mimi.

Wiki yangu ya kwanza kazini, pale Wembley, nina watoto saba nyuma. Mzee mwenye fimbo kasimama kwenye zebra, ananiangalia kama haniamini. Nikasimama mapema. Akavuka kwa mwendo wake, katikati akatulia kidogo kurekebisha kofia, akaendelea.

Sijawahi kujivunia udereva wangu kama siku ile.

Nilichojifunza: kutogonga mtu bado siyo sifa, kama watu wanavuka mbele yako kwa kukimbia.

Madereva wenzangu, ukiona mtu pembeni ya barabara, kinachotangulia ni mkono kwenye taa au mguu kwenye breki? Jibuni kwa ukweli, mimi yangu nimeshayasema.