Mpira Uliorushwa Kutoka Barazani

Mimi ni mtu wa hofu. Nikitoka nyumbani hurudi kuangalia kama nimefunga mlango, na nikifika kona ya pili hurudi tena, maana sina hakika kama niliangalia vizuri. Ndiyo maana nilizipenda hesabu tangu mdogo. Hesabu ikikubali imekubali, unaweka kalamu chini na roho inatulia. Niliamini hivyo mpaka mwaka wa pili wa chuo cha ualimu, mwalimu wetu wa fizikia alipotugawa wawili wawili.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Kifaa cha springi kimewekwa juu ya baraza la nyumba ya Mji Mkongwe, kinarusha mpira mdogo kuelekea njiani kwa kasi ya mita kumi kwa sekunde. Mpira utatua umbali gani kifaa kikiinuliwa nyuzi thelathini, arubaini na tano, na sitini? Mmoja akokotoe kwa kalamu, mwenzake aigize mrusho huohuo kwa programu ya kompyuta, na wasioneshane majibu mpaka siku ya kuyalinganisha. "Kipimo msichokuwa nacho, kitafuteni," alisema mwalimu, akatoka.

Mwenzangu alikuwa msichana wa kisiwa cha Tumbatu, mpole, wa maneno machache, aliyekuwa akirudi kwao kila Ijumaa kwa boti ya Mkokotoni. Muhula uliopita alikuwa ameanguka somo hilihili. Siku tuliyopangwa pamoja alinionyesha barua aliyopewa na ofisi: akianguka tena, anaondoka chuoni. Aliikunja akairudisha mkobani, na tangu siku hiyo niliihofia barua ile utadhani ni yangu.

Kazi ilitakiwa kukusanywa saa kumi alasiri. Saa nane tulikuwa maktaba, tukaweka karatasi zetu pamoja. Mimi, kwa kalamu, nilipata mita 8.84 kwa nyuzi thelathini, 10.20 kwa arubaini na tano, na 8.84 tena kwa sitini. Yeye, kwa kompyuta, alikuwa na 10.05, 10.95 na 9.28. Hakuna hata jibu moja lililokaribiana.

"Umekosea," nilimwambia.

"Nshairudia mara tatu."

"Basi umekosea mara tatu. Thelathini na sitini lazima zitoe jibu moja, vitabu vyote vinasema hivyo. Zako hizi kila moja na lake."

"Lakini mimi nlikwenda kupima..."

"Muda wa kupima uko wapi? Saa nane na nusu hii. Unataka kuanguka tena?"

Akainamia karatasi yake. Nilijua nimemchoma, lakini nilikuwa na haraka, na mtu mwenye hofu akiwa na haraka huwa mkali kuliko simba. Nilichukua ufutio nikazifuta namba zake mimi mwenyewe, kisha nikamtajia za kuandika: 8.83, 10.19, 8.85. Nilipunguza hapa na kuongeza pale ili isionekane kwamba tumenakiliana. Nilijiona mjanja. Aliandika kila nilichomtajia bila kuinua macho, tukakusanya saa tisa na robo.

Nilirudi nyumbani Mkunazini nikiwa mwepesi. Mama aliniita kutoka dirishani, nikaitika "Naam," akaniambia mtungi wa gesi umeletwa na mchukuzi ameuacha chini njiani, niupandishe barazani. Baraza letu ni la mawe, limejengwa kuambatana na ukuta wa mbele, na nimekaa juu yake tangu sijajua kutembea. Niliukumbatia mtungi nikauinua. Ulifika magotini, ukafika mapajani, na bado haujafika. Ulipogusa ukingo wa baraza ulikuwa kiunoni mwangu, na mimi si mfupi.

Nilibaki nimeushikilia. Mama akauliza kama umenielemea, nikamwambia hapana.

Nilichukua futi ya cherehani nikapima kutoka njiani hadi juu ya baraza. Sentimita themanini, na la jirani vilevile. Nimezaliwa na kukulia juu ya kitu kile na sikuwahi hata siku moja kukiona kuwa kina kimo. Kwangu baraza lilikuwa chini tu, mahali unapokaa. Katika hesabu yangu nilikuwa nimeurusha mpira kutoka ardhini, na ule usawa wa thelathini na sitini unakuja pale tu mpira unapotua kwenye usawa uleule ulioanzia. Yeye aliyekuja mjini akiwa mtu mzima, akalazimika kuinua mguu kupanda mabaraza yetu, alilitazama akaona urefu, akaenda kupima.

Nilikokotoa upya palepale. 10.05. 10.95. 9.28. Zilikuwa ni zile namba nilizozifuta. Nilishika simu nimpigie, nikaiweka. Nilijiambia labda mwalimu hatagundua. Chakula sikukitamani siku ile, na mama alinigusa paji la uso kutazama kama nina homa.

Asubuhi tuliitwa ofisini wote wawili. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Karatasi zetu zilikuwa mezani mwake.

"Aliyekokotoa amesahau kimo cha baraza," alisema. "Hilo ni kosa, litakatwa alama, yamekwisha. Lakini hili jengine silielewi. Ukiiambia kompyuta baraza lina kimo, haitoi majibu haya. Ukiiambia halina, itakupa 8.84 na 8.84, sawasawa. Haiwezi kukupa 8.83 huku na 8.85 kule. Namba hizi hazikutoka kwenye kompyuta. Zimetungwa. Nani alishughulikia kompyuta?"

"Mimi," alisema mwenzangu.

"Na namba hizi?"

"Nimeziandika mimi."

Hakunitazama. Nilisubiri aseme, na nadhani na yeye alisubiri niseme. Mwalimu alimwambia atalazimika kulipeleka jina lake ofisini leo hiyohiyo, akamuuliza kama anajua barua yake inasemaje. Akajibu anajua, akaomba ruhusa, akatoka. Na mimi nikatoka nyuma yake. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilitoka, nikashuka ngazi zote mpaka uwanjani.

Ndipo nikarudi mbio.

Nilimweleza mwalimu kila kitu, tangu ufutio mpaka mtungi wa gesi. Aliinua karatasi akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, na kwa kuwa nilifuta kwa pupa, 10.05 ilikuwa bado inasomeka chini ya namba za uongo. Akairudisha mezani.

"Mbona hukusema alipokuwepo?"

Alinipa sifuri ya kazi nzima na kunitaka nirudie somo mwakani. Mwenzangu alipewa alama za majibu yake ya mwanzo, na jina lake halikupelekwa popote.

Nilimkuta nje ya kantini, mkoba uko mapajani, tayari kwa safari ya kwenda kuwaambia wazee wake. Nilipomweleza yaliyopita alifunika uso kwa ukingo wa mtandio, akasema alhamdulillahi mara nyingi, kwa sauti ndogo. Nilimwomba radhi.

"Nshakusamehe," alisema. "Wallahi sina kitu moyoni. Lakini wakitupanga tena pamoja ntaomba wanibadilishe."

Nilimuuliza, ikiwa amenisamehe, kwa nini aombe kubadilishwa.

"Kwa sababu nnakuogopa," alisema. "Jana nlikuwa najua kwamba majibu yangu sawa. Nlikwenda kupima kwa mkono wangu. Na bado nliandika uliyonambia."

Nikamwambia sawa.