Kaa Kivulini Upoe

Tangu tangazo la mlipuko wa ugonjwa litoke, mpima joto wa stendi hajakosa kazini hata siku moja. Mama Feisal, anayeuza uji pembeni ya meza yake, yuko tayari kumtolea ushahidi hata mahakamani. Koti la mpima huyo jeupe kama la bwana harusi. Kipimo anakielekeza kwenye paji la uso la abiria huku amefumba jicho moja, utadhani anawinda kanga. Kikisoma thelathini na nane, hashtuki. "Jua tu hilo. Kaa kivulini upoe, nitakupima tena." Na watu hupoa kweli. Miezi mitatu daftari lake halina mgonjwa hata mmoja, na wakubwa zake wamempa cheti.

Jumanne asubuhi, basi la Kharumwa lilimshusha mchimbaji anayetetemeka, macho mekundu. Arobaini. Kivulini.

"Mwanangu, huyu si wa kivulini, ni wa hospitali," Mama Feisal alisema.

"Mayu, angalia uji wako usiungue."

Saa kumi jioni alimrudia mchimbaji, aliyekuwa ameegemea ukuta kimya, akafumba jicho, akapima. Thelathini na moja. Akatabasamu, akaandika: hana homa.

"Haya kaka, umepoa, inuka upite."

Alimwambia mara tatu.