Ghala Lililochimbwa Chini ya Ngazi

Mjomba wangu alisema sitamaliza baridi ya kwanza. Muuza mkaa wa mtaani kwetu alisema nitarudi na koti tu. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, aliyejitahidi kuniheshimu, alisema kazi huenda nikapata, ila diploma yangu nitaifungia vitumbua. Ajabu ni kwamba wote watatu walinikopesha nauli ya kwenda Toronto. Hawakunikopesha mimi, walimkopesha mama yangu. Ndiye aliyesimama mbele yao akasema, "Asipolipa, mnijie mimi."

Diploma yenyewe ni ya ugavi na utunzaji wa maghala. Alama zangu nitazitaja mtu akiniuliza, na hata asiponiuliza.

Nilipanga bezimenti, chumba cha chini ya nyumba, huko Unionville, sehemu ya mji wa Markham jirani na Toronto, kwa ya mama mmoja wa Kiismailia aliyezaliwa Mwanza. Alikuwa mjane, na alipika sambusa, achari na vyakula vya harusi kwa oda. Wanawe walimjibu Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili chake alikimalizia kwangu. Kilikuwa kile cha dukani Mwanza, cha tangu enzi za baba yake, na hakikuwa na huruma. Tulikubaliana nitunze stoo yake, naye anipunguzie kodi na kunilipa kidogo juu yake.

Stoo hiyo ilikuwa chini ya ngazi za mlango wa mbele. Unashuka bezimenti, unafungua mlango mzito, unakuta chumba cha zege chenye baridi bila friji. Nyumba nyingi za kule zinacho.

"Hii ndiyo godauni," aliniambia siku ya kwanza.

"Mama, godauni ni jengo la juu. Hili ni ghala la chini ya ardhi."

"Umeshuka kwenye ndege juzi, leo unanifundisha godauni? Baba yangu alikuwa nayo kabla babu yako hajavaa viatu."

"Babu yangu alivaa viatu, mama."

"Najua. Alivinunua kwetu."

Jirani yetu, mzee wa Kiitaliano aliyetundika soseji kwenye chumba kama hicho kwake, alikiita kantina. Matangazo ya kuuza nyumba yalisema sela. Mimi nikashikilia ghala, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye diploma.

Na kama ghala nikalitunza. Niliinua magunia ya unga juu ya mbao. Nikapanga vitunguu, viazi, samli na mitungi ya achari ili kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Kisha nikaona ukutani matundu mawili, moja karibu na dari, jingine karibu na sakafu, kila moja upana wa ngumi, yakitokea nje. Nikacheka. Chuoni tulifundishwa kwamba panya hahitaji mwaliko. Nikachukua matambara, nikayasokomeza kwenye matundu yote mawili, nikabandika mkanda wa gundi juu. Mwenye nyumba alikuwa na mgongo mbovu, hakushuka ngazi miezi hiyo. Nikamwambia godauni yake sasa ina mtaalamu.

Wakati huo mama yangu akipiga simu alikuwa na sauti fupi. "Sokoni sipiti siku hizi," aliniambia. Soko lenyewe liko hatua chache kutoka nyumbani, lakini mwenyekiti ana meza pale, na muuza mkaa yuko langoni. Hawakumtukana. Walimsalimia tu, kisha wakamtazama mpaka apite. Nikamwambia avumilie, kuna harusi kubwa ya watu mia nne inakuja na fungu langu limo.

Wiki moja kabla ya harusi, katikati ya Januari, nilifungua mlango nikapokewa na harufu ya soksi. Dari ilikuwa na barafu nyembamba iliyoanza kuyeyuka. Unga ulikuwa umeota manyoya ya kijani. Vitunguu vilikuwa uji. Panya hakuwemo hata mmoja. Angekuwa na akili gani akae mle?

Mwenye nyumba alishuka ngazi kwa makalio, ngazi moja moja, akaangalia ukuta.

"Nani kaziba?"

"Mimi, mama. Panya..."

"Panya wa Kanada kakwambia anakuja?" Alikaa juu ya gunia lililooza bila kujali. "Toa matambara yako. Mwanza adui ni joto na mwizi. Hapa adui ni mvuke wa sufuria yangu na pumzi yako. Hewa baridi iingie chini, ya moto itoke juu. Hujasoma hilo?"

Sikuwa nimelisoma. Fungu langu la harusi lilienda kununua unga mwingine, na nilimpigia mama yangu kumwambia asubiri tena. Alisema sawa, akakata.

Basi nikaenda maktaba, kwa hasira. Nilitaka kujua hiki chumba ni kitu gani hasa. Nikakuta neno ghala tumelipata kwa Waarabu, na kwao linahusu mazao. Godauni Waingereza walilibeba kutoka kwa Wamalei. Sela inarudi kwa Warumi, kijumba kidogo cha kuwekea vitu; na kutoka kwenye kijumba hichohicho wafungwa wakapata seli zao, na watawa pia. Mpangaji wa bezimenti kama mimi alistahili kutajwa. Kisha nikafika kwenye handaki, ambalo Waarabu walilichukua Uajemi, na maana yake ni kitu kilichochimbwa. Nikafunga kitabu. Maneno mengine yote yaliniambia kinachowekwa ndani. Hili moja ndilo lililoniambia kwamba nimezungukwa na udongo pande zote, na udongo una maji.

Nilirudi nikasugua kuta, nikafungua matundu, nikaweka wavu wa chuma badala ya tambara. Mzee wa Kiitaliano alikuja kuchungulia. Akaniomba nikatazame kantina ya dada yake, iliyokuwa inatoa jasho. Dada akanituma kwa jirani, jirani kwa kanisa lake. Mwenye nyumba wangu naye akanitangaza jamatini, wanakosali Waismailia wenzake, kwa maneno haya: "Aliharibu yangu, kwa hiyo anajua." Baada ya miaka miwili nilikuwa na gari, ngazi mbili na wasaidizi, na hakuna mtu Markham aliyejua zaidi yangu kuhusu chumba cha chini ya ngazi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja mwaka uliopita. Asubuhi ya pili nilimchukua mama yangu tukazunguka kulipa ile nauli. Mjomba alihesabu mara mbili, akasema nimenenepa. Mwenyekiti aliita wanachama wake wote washuhudie, nami sikumkataza. Muuza mkaa tulimmaliza mwisho, pale langoni. Alifuta mikono kwanza ndipo akapokea.

Nikasema sasa twende tukapumzike. Mama akasema hapana, tuingie sokoni. Tulikaa humo mpaka adhuhuri. Aliuliza bei ya kila kitu, meza kwa meza, akibishana kwa sauti kubwa, na hatukununua hata nyanya.