Minda Aliyelaza Milango Ikawa Meza

Sogeeni, na mwenye nia ya kubisha aanze kubisha sasa hivi tumalizane naye mapema, maana haya hamtayaamini hata niwaapie. Mwanamke mmoja mfupi kama jiko la mkaa, mpiga pasi wa Al Qusais, Dubai, aling'oa milango ya nyumba aliyokuwa akiishi, mchana kweupe, huku anaimba, na majirani badala ya kumwita kichaa wakamletea bisibisi.

Jina lake Luzviminda, Mfilipino. Hilo refu kaliacha kwenye pasipoti; watu wanamwita Minda. Alikuwa na miaka tisa kwenye duka moja la dobi, bega kwa bega na Watanzania, mpaka Kiswahili kikamwingia chote, pamoja na maneno mawili matatu ambayo sitayaandika hapa, kuna watoto.

Sasa, mwaka 2014 Minda alishikwa na mawazo. Si mawazo ya huzuni, la! Mawazo ya kutengeneza mambo. Anapiga pasi kanzu ya mtu, kichwani anapanga: Wafilipino wenzake waanzishe ngoma za kwao kila Ijumaa. Wafundishane kushona. Wawe na zamu ya kumpikia anayeumwa. Kila wazo aliandika nyuma ya risiti ya dobi, akalibandika kwenye friji. Wenzake wakifungua friji wanasoma, wanachukua maji, wanarudi vitandani, kila mtu na pazia lake na simu yake.

Walikuwa wanawake tisa katika nyumba hiyo, wote Wafilipino: vyumba viwili vikubwa, kichumba kimoja cha pembeni, jiko moja. Na jiko ndilo lilikuwa na kesi. Wanane walikuwa Wakristo, wapenzi wa nguruwe, wanamnunua kwenye kile chumba cha supamaketi chenye kibandiko cha wasio Waislamu, wanamkaanga kwenye sufuria za wote. Wa tisa, Amna, muuza manukato, alikuwa Mfilipino Mwislamu wa Marawi. Hakuna aliyemtukana, wala yeye hakumtukana mtu. Alikula mkate na samaki wa kopo kwenye kichumba chake, mlango umefungwa. Mwaka mzima! Jumanne moja akasema, kwa upole kabisa, kwamba Jumamosi anahamia mtaa wa Rashidiya.

Habari hiyo ilimkuta Minda kazini na pasi mkononi. Kanzu ya watu ikaungua papo hapo.

"Haondoki," akasema, na kazi ilipoisha alikwenda moja kwa moja kwa Kasian, mlinzi wa jengo, mtu wa Bukoba. "Kuya," akamwita, maana kaka kwao ni kuya, "una bisibisi?"

"Ninayo. Umevunja nini tena?"

"Sijavunja. Nataka meza ndefu. Kwetu tunatandika majani ya migomba, chakula tunamwaga juu yake, watu wanasimama huku na huku wanakula kwa mkono. Hakuna sahani. Hakuna simu, vidole vina mafuta!"

Kasian aliposikia migomba aliruka kwenye kiti. "Majani niachie mimi. Yanapitishwa motoni kwanza, dada, la sivyo yanachanika."

"Unajifanya kunifundisha?"

"Sijifanyi. Nakufundisha."

Ijumaa asubuhi milango ya vile vyumba viwili vikubwa ikang'olewa, ikalazwa juu ya kreti, majani juu yake yanang'aa. Minda alikuwa amenunua sufuria mpya, kisu kipya, mkasi mpya wa samaki.

"Ate Minda," akanung'unika mwenzake mmoja; ate ndiyo dada mkubwa. "Sherehe bila nguruwe?"

"Tumekuwa naye miaka yote. Leo apumzike."

Wali ukamwagwa kama kilima. Kamba, biringanya za kuchoma, maembe, mayai ya chumvi, samaki wa mkaa, na upande wa dirishani kuku, jamani, yule kuku! Baada ya sala Minda akagonga kile kichumba. Amna akafungua kidogo. Nyuma yake begi limeshafungwa.

"Sufuria?"

"Mpya."

"Kisu?"

"Kipya. Na kuku ni halali, risiti hii hapa."

Amna akacheka, akavaa kandambili, akatoka. Minda nusura apae! Akakimbilia jikoni kuchukua ndimu. Na pale jikoni, kando ya sinki, akakiona kibao cha kukatia nyama. Kile cha zamani, cha nguruwe wa miaka yote. Kuku alikuwa amekatiwa hapo.

Hakuna aliyejua ila yeye. Sebuleni wanacheka, Amna amekunja mikono ya nguo, mkono unakwenda kwa kuku. Akinyamaza, khalas, yamekwisha, Amna habebi begi. Minda alisimama na ndimu zake labda kwa muda wa pumzi mbili.

"Amna! Usile!"

Minda akatoka, mafuta mpaka viwikoni, machozi yanamtoka. "Kuku nimemkatia kwenye kibao cha nguruwe. Nimenunua kila kitu, nikasahau kibao."

Amna akavuta mkono. Akamwangalia. "Ungenyamaza nisingejua."

"Ningejua mimi."

Amna akatazama meza, akatazama begi. "Na samaki?"

"Mkasi mpya, kisha mkaa. Havijagusana."

"Basi meza yenu fupi. Kuku na watu wake wabaki dirishani huko. Kuya Kasian, bisibisi iko wapi? Ng'oa na mlango wangu!"

Mnasikia? Mlango uliofungwa mwaka mzima! Kasian aliung'oa kabla hajamaliza kusema, majani mapya yakatandikwa, samaki na wali safi vikahamia huko, na nusu ya wale wanane wakahama navyo. Amna akala kwa kusimama, bega lake kwenye bega la Minda, akisema pilipili yao ni ya watoto wachanga.

"Ijumaa ijayo napika mimi," akatangaza, "na kibao nanunua mimi. Nyinyi hamwaminiki!"

Minda alipiga kelele ya furaha hadi Kasian akadhani ameungua.

Begi likafunguliwa. Ijumaa ya pili wakaalikwa Waganda wa jirani, ya tatu jengo la pili likaja na majani yake, na hapo sasa, ndugu zangu, milango ya ghorofa zote saba ikang'olewa, mia moja na arobaini nikihesabu mwenyewe, meza ikashuka ngazi, ikavuka barabara, ikapita chini ya reli ya metro, polisi wakasimamisha magari kumpisha samaki mrefu kama—

"Weee, mjomba!" Minda akadakia, anasoma begani kwangu. "Milango mitatu! Na wewe mwenyewe hata hukuwepo, ulikuwa kwenye zamu ya kazi huko Silicon Oasis, tukakuletea mabaki kwenye—"