Maji Aliyopewa Baba

Juzi padri alimmwagia maji mjukuu wangu, nikamkumbuka baba.

Nilipokuwa mdogo, sisi wasichana wa misheni tulikuwa tumepiga kambi kando ya mto Kilombero, tukikata matete ya kuezekea kanisa. Viboko walikoroma mtoni na ngoma zililia mbali. Baba akatokea majanini, kichwa kimelowa, ananuka mafuta ya mbarika.

"Shikamoo, baba. Nawe umebatizwa?"

Alijipangusa kichwa. "Nimepewa maji, mwanangu. Twende nyumbani, hapa si salama."

Nilikataa, akaondoka huku akigeuka nyuma. Leo najua yalikuwa maji ya vita yaliyochanganywa na mafuta yale, ya kuzuia risasi za Wajerumani. Siku ile nilimkimbilia Sista, msimamizi wetu, nikimwambia kwa furaha kwamba baba amepata maji. Akamtuma mtu upesi bomani kwa Wajerumani.

Alfajiri askari wenye bunduki walipita wakielekea kijijini kwetu, nami nikawapungia mkono.