Mchumba Wangu Alitia Siri Yangu Kwenye Katuni ya Kijapani

Admin, ficha jina langu tafadhali. Kwetu Muthetheni watu tayari wanajua nusu ya hii stori na sitaki wajue ni mimi nimewamalizia. Niko na miaka ishirini na tano, ni fundi wa nguo, na naandika nikiwa cyber Machakos town kwa sababu kwetu kila nikikaa mahali natazamwa.

Nimelelewa na mwanamke ninayemwita mwaitu, yaani mama. Kila mtu anajua mimi ndiye kitinda mimba wake. Ukweli ni kwamba huyo ni nyanya yangu. Aliyenizaa ni yule ninayemwita dada, hapa nitamwita Ndinda. Alinipata akiwa bado shule ya msingi, familia ikanificha hivyo, na baadaye akaolewa Kithyoko na mwanamume mpole anayeuza maji akiyabeba kwa punda. Huyo bwana hakuwahi kuambiwa. Mimi mwenyewe niliambiwa nikiwa mkubwa. Ndinda alinishika mikono akilia, akasema, "Niite dada tu. Ukiniita vingine, nyumba yangu itaanguka."

Nilinyamaza miaka yote. Halafu nikapata mchumba, nimwite Mutua. Ana chumba cha video pale sokoni, mabenchi ya mbao ndani na jenereta nje, na yeye mwenyewe ndiye hushika maikrofoni kututafsiria filamu kwa Kikamba na Kiswahili. Anajua kuongea huyo mtu! Filamu ya Wachina anaigeuza mpaka unadhani imechezwa Mwala. Tulipokubaliana alete kwetu mbuzi za ntheo, uchumba ujulikane, niliona si haki aingie nyumbani akimheshimu mama mkwe ambaye si mama mkwe. Nikamwambia yote, hata yale maneno ya Ndinda. Akanijibu, "Hiyo imeingia kwangu na haitatoka."

Siku moja ya soko alituwekea DVD mpya kutoka Nairobi, katuni ya Kijapani, zile wanaita anime. Kwa jalada kulikuwa na joka na msichana ameshika upanga. Alikuwa ameisifu wiki nzima: msichana wa shule anaitwa na mwanga, anavutwa mpaka dunia nyingine aokoe ufalme. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama ukutani. Hata mimi nilifunika cherehani nikaenda kukaa nyuma.

Jamani, filamu ilikuwa bure kabisa. Msichana aliitwa kweli, akaanguka kwa huo ufalme, halafu basi. Anakunywa chai na mfalme. Anatembea kwa maua. Wanaongea, wanaongea, Kijapani kitupu. Joka halikuja. Mutua mwenyewe hakuwa ameitazama kwanza, alikuwa amesoma jalada tu. Watu wakaanza kupiga miluzi. "Toa hiyo! Weka ya vita!" Mwingine akasema, "Sasa huyu ameitwa huko kote kuja kunywa chai?" Wengine wakaelekea mlangoni.

Hapo Mutua akakohoa, sauti yake ikabadilika. "Ngojeni, hamjaelewa. Huyu msichana hakuitwa kupigana. Ameitwa amtafute mama yake." Waliokuwa mlangoni wakasimama. Malkia akatokea, na Mutua akamtilia maneno mdomoni: "Niite dada tu. Ukiniita vingine, nyumba yangu itaanguka."

Hakuishia hapo. Alisimulia nyanya aliyejifanya mama, msichana wa shule aliyefichwa ndani tumbo likikua, kila kitu. Na kwa vile amezoea kutaja mahali petu ili watu wacheke, akasema malkia ameolewa Kithyoko kwa bwana wa punda. Watu walicheka kweli. Lakini mama mmoja muuza ndengu, jirani yetu, hakucheka. Aligeuka akanitazama mimi. Filamu ilipoisha, wengine walikuwa wanapangusa machozi, na makofi yalipigwa kama kanisani.

Nilimngoja nje. Alitoka akitokwa jasho, amefurahi.

"Mutua, umenifanyia nini?"

"Watu walikuwa wanatoka. Ningefanya nini? Na sikutaja jina lako."

"Umetaja maneno yake vile alivyoyasema."

"Ni katuni. Nani anaamini katuni?"

Siku ya soko iliyofuata akaionyesha tena, kwa sababu watu walikuwa wametoka hata Ekalakala wakiulizia "ile ya mama". Hapo ndipo aliponiua. Mara ya kwanza naweza kusema aliingiwa na hofu. Ya pili aliamka asubuhi akijua atasema nini.

Maneno yakafika Kithyoko. Bwana wa Ndinda alimuuliza swali moja tu, na Ndinda akashindwa kudanganya. Alirudi kwetu na mtoto wake mdogo mgongoni. Hajapigwa, hajatukanwa, ameambiwa tu akae kwao, bwana afikirie. Mwaitu haongei na mimi. Akiweka chakula mezani anaangalia kando.

Mutua alikuja akapiga magoti, akaivunja ile DVD mbele yetu. Nilivitazama vile vipande nikajiuliza anavunja nini, na Wajapani hawakusema lolote kutuhusu. Eti ataenda Kithyoko aseme alitunga yote. Yaani atengeneze na uongo mwingine! Lakini bado nampenda, siwezi kuwaficha. Na wazee wa kwao wanasema mbuzi zimeshapatikana, mambo yaendelee.

Jana nilimuuliza Ndinda anaonaje. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho. "Kama unampenda, olewa. Lakini kusimama hapo kama dada yako sitaweza tena. Nitasimama kama mama yako mbele ya watu wote, ama sitakuja."

Neno hilo nimelingoja tangu nijue ukweli, na mtu aliyenifikisha hapo ni yule aliyeniuza. Tena akilisema mbele ya watu, sijui kama bwana yake atamrudisha.

Watu wangu, msinitukane, nimeshatukanwa ya kutosha. Akina Mutua wanakuja Jumamosi. Nikisikia hizo mbuzi zikilia nje ya boma, niwafungulie ama nikae ndani?